Kumpata mwenyekiti wa chama cha mbio za magari: mwongozo kamili kwa vilabu vya Dodoma na Kanda ya Kati

Mwenyekiti wa chama cha mbio za magari mara nyingi hupatikana kwa sifa mbili: anajua kukanyaga mafuta, au ana hela. Sifa zote mbili ni nzuri kuwa nazo, ila hazigusi kazi yenyewe. Kazi ya mwenyekiti ni makaratasi, bima, vibali na hesabu. Kisha kuna siku moja moja ambapo lazima asimame mbele ya watu waliotoa fedha zao, gari zikiwa zimeshapangwa mstari wa kuanzia, aseme leo hapa haipiti gari. Mwongozo huu umeandikwa kwa wajumbe wanaotafuta mtu wa namna hiyo, tangu siku wanapofungua katiba hadi siku funguo za ofisi zinapobadilisha mikono.

Kwanza jueni cheo kina mamlaka gani

Mchezo huu unaongozwa kwa mnyororo. Juu kabisa kuna FIA, shirikisho la magari la dunia, lililoanzishwa Paris mwaka 1904. FIA hukabidhi madaraka ya michezo ya magari kwa chama kimoja tu katika kila nchi, na kwa Tanzania mwanachama wake ni AAT (Automobile Association of Tanzania). Chini ya chama cha taifa kuna vilabu, na chini ya vilabu kuna madereva, wasoma ramani (wanaokaa kando ya dereva kumwelekeza njia), mafundi na waongoza mashindano. Kwa upande wa serikali, vyama vyote vya michezo viko chini ya Baraza la Michezo la Taifa, BMT, lililoundwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 1967, na usajili uko kwa Msajili wa Vyama vya Michezo na Vilabu. Pikipiki zina shirikisho lake la dunia, FIM, kwa hiyo klabu inayochanganya magari na motokrosi ina wakubwa wawili wa kuwasikiliza.

Mnyororo huu unasaidia kuchuja ahadi. Mgombea wa klabu au wa chama cha mkoa akisema atatoa leseni za kimataifa, au ataleta raundi ya ubingwa wa Afrika Dodoma "mwakani tu", anaahidi kitu ambacho hakimo mikononi mwake. Raundi ya Afrika hupitia chama cha taifa na hukaguliwa kabla haijaingizwa kwenye kalenda. Mgombea anayesema "tutaandaa yetu wenyewe, hatuhitaji kibali cha mtu" ni wa hatari zaidi. Kanuni za kimataifa zinaruhusu dereva anayeshiriki mashindano yasiyotambuliwa kuadhibiwa, hata kusimamishwa. Mwenyekiti wa namna hiyo anaweza kuwafungia madereva wake kwa siku moja ya furaha.

Andikeni kwenye karatasi moja mambo ambayo chama chenu kinaruhusiwa kufanya na yale ambayo hakiruhusiwi. Karatasi hiyo iambatanishwe na fomu ya kugombea, na mgombea aisaini.

Fungueni katiba kabla ya kufungua vinywa

Uchaguzi hushindwa au huharibika kwenye vifungu, miezi kabla ya kura. Mfano wa karibuni ni wa FIA yenyewe. Mwaka 2025 walijitokeza watu kutaka kushindana na rais aliyekuwepo, Mohammed Ben Sulayem, akiwemo Tim Mayer kutoka Marekani. Masharti yanataka kila mgombea awe na orodha yenye makamu wa rais wa michezo kutoka kanda zote za dunia, na majina hayo yatoke miongoni mwa waliopendekezwa kwenye Baraza la Dunia la Michezo ya Magari, chombo cha FIA. Kutoka Amerika Kusini lilikuwepo jina moja tu, Fabiana Ecclestone, naye alikuwa upande wa Ben Sulayem. Hapo wengine wote wakakwama. Desemba 2025, mjini Tashkent, Ben Sulayem akapita bila kupingwa. Kila mtu na awe na maoni yake kuhusu hilo, lakini aliyekuwa amesoma masharti mapema alijua matokeo kabla ya wapiga kura kupanda ndege.

Kwa hiyo someni katiba yenu mkitafuta mambo haya: nani ni mpiga kura (klabu, mwanachama binafsi, au vyote), akidi ni ngapi, mshindi anapatikanaje, muhula ni miaka mingapi na una ukomo wa mara ngapi, mgombea anatakiwa kudhaminiwa na wanachama wangapi, pingamizi linapelekwa wapi na ndani ya siku ngapi. Kama udhamini unataka saini za vilabu vitano na mkoa mzima una vilabu sita, mgombea wa kwanza kuchukua fomu amewafungia mlango wengine wote. Kifungu cha namna hiyo kirekebishwe kwenye mkutano mkuu wa kawaida, mwaka mmoja kabla. Msikiguse wakati fomu ziko mezani.

Kifungu cha ushindi ndicho chenye mtego mkubwa. Chukulieni wajumbe 44 wamehudhuria na wote wamepiga kura. Kura 3 zimeharibika, zimebaki 41 halali: mgombea wa kwanza 22, wa pili 12, wa tatu 7. Katiba ikisema mshindi apate "zaidi ya nusu ya kura halali", anahitaji 21, na wa kwanza ameshinda. Ikisema "zaidi ya nusu ya wajumbe waliohudhuria", anahitaji 23, hajashinda, mnarudia kura kati ya wawili wa juu. Ukumbi uleule, karatasi zilezile, majibu mawili. Katiba ikiandika "nusu ya kura" peke yake bila kufafanua, mmejitengenezea kesi. Msimamizi atangaze tafsiri yake kwa maandishi kabla ya siku ya kura, wakati bado hakuna anayejua itamfaa nani.

Daftari la wapiga kura

Hapa ndipo pa kuwa mkali kuliko sehemu nyingine yoyote. Mchezo wa magari una watu wachache, kwa hiyo kura nne au tano za kupandikizwa zinatosha kubadili matokeo. Njia inayotumika sana ni vilabu vya kwenye karatasi: miezi miwili kabla ya uchaguzi zinaibuka klabu tatu zenye namba ya simu moja na ada iliyolipwa siku moja kutoka mfuko mmoja.

Wekeni tarehe ya ukomo, mathalani siku 90 kabla ya uchaguzi. Aliyelipa ada baada ya hapo ni mwanachama halali wa chama, anashiriki mashindano kama wengine, ila hapigi kura safari hii. Kwa kila klabu takeni vitu vitatu: cheti cha usajili, stakabadhi ya ada ya mwaka huu, na ushahidi wa shughuli ndani ya miezi 12, kwa mfano dereva mwenye leseni hai, watumishi waliosimama kwenye mashindano, au tukio lililoandaliwa. Bandikeni daftari hadharani kwa siku 14 na mpokee malalamiko kwa maandishi. Kisha lifungeni.

Waongoza mashindano wasisahauliwe. Wakaguzi wa magari, watunza muda, watu wa redio na walinda njia ndio wanaojua nani akipata madaraka hupiga simu saa sita usiku kuomba gari la rafiki yake lipitishwe. Kama katiba yenu haiwapi hata kura moja ya pamoja, hilo ni pengo.

Kamati ya uchaguzi na kalenda

Watu watano wanatosha, wasiogombea na wasio na gari kwenye mashindano ya mwaka huo. Angalau mmoja awe mwanasheria au mtu aliyezoea taratibu za uchaguzi. Dodoma kwa bahati haina uhaba wa watu hao. Andikeni barua kwa afisa michezo wa mkoa mapema, mkiambatanisha katiba, ratiba na daftari. Msisubiri wiki ya mwisho kumwomba aje kusimamia.

Kalenda inayofanya kazi inahesabiwa kinyumenyume kutoka siku ya kura. Siku 90 kabla, kamati imeundwa na daftari limefungwa. Siku 60, tangazo na fomu zinatoka. Siku 45, mwisho wa kurudisha fomu, saa kumi kamili jioni, na saa hiyo iandikwe kwenye tangazo. Siku 40, pingamizi zimepokelewa. Siku 30 hadi 28, usaili. Siku 21, rufaa zimesikilizwa na majina ya mwisho yanatangazwa. Zinabaki wiki tatu za kampeni. Wapeni wagombea orodha ya wajumbe kwa wakati mmoja, la sivyo aliye madarakani atakuwa anapiga simu mwezi mzima huku wengine wakitafuta namba.

Uchaguzi wa tarehe nao una mambo yake hapa mjini. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni Bunge liko kwenye bajeti: kumbi zimejaa na bei za vyumba zimepanda. Mwanzoni mwa Agosti Nanenane inaijaza Nzuguni. Desemba mvua zinaanza, na mjumbe wa Kondoa vijijini au Mpwapwa anaweza kukwama kwenye korongo. Msiweke pia wikiendi yenye mashindano popote nchini, maana nusu ya wapiga kura watakuwa chini ya magari.

Mtu wa aina gani

Dereva hodari anaweza kuwa kiongozi mzuri. Ben Sulayem mwenyewe alikuwa bingwa wa rali Mashariki ya Kati mara 14 kabla ya kwenda FIA. Max Mosley, aliyeiongoza FIA kuanzia 1993 hadi 2009, alikuwa mwanasheria. Jean Todt aliyemfuata alianza kama msoma ramani kisha akawa meneja wa timu. Njia ni nyingi. Kinachopimwa ni kama mtu huyo ameshavua kofia ya zamani.

Huku kwetu kofia hizo huwa nne kichwani kwa mtu mmoja: anashindana, anadhamini, ana gereji inayotengeneza magari ya wenzake, na ndiye anayeagiza matairi. Mtu huyo akiwa mwenyekiti, kila uamuzi wake una harufu hata akiwa mwaminifu. Msimkatae moja kwa moja, maana mchezo huu mkimfukuza kila mwenye maslahi mtabaki na viti. Mtakeni ajaze tamko la maslahi: magari anayomiliki au kudhamini, biashara anazofanya na wanachama, ndugu wanaoshindana, madeni kati yake na chama. Aandike pia atajiondoa kwenye maamuzi gani. Kwa mtazamo wetu mwenyekiti asishindane kwenye mashindano yanayoandaliwa na chama anachokiongoza. Akitaka kukimbia aende ya wengine.

Kisha kuna suala la mheshimiwa. Makao makuu yakiwa hapa na wizara zikiwa Mtumba, kishawishi cha kumpa uenyekiti kigogo "ili atufungulie milango" ni kikubwa. Milango huwa inafunguka kweli miezi sita ya mwanzo. Baadaye mikutano haifanyiki kwa sababu mwenyekiti yuko safarini, hundi hazisainiwi, na hakuna mwenye ubavu wa kumuuliza. Akihamishwa, chama kinahama naye. Mpeni heshima yake kama mlezi wa chama. Uenyekiti mpeni mtu mnayeweza kumwita kikao cha Jumanne jioni akaja.

Mfadhili mkubwa naye hufaa zaidi akiwa kwenye kamati ya fedha kwa mkataba wa maandishi unaosema ametoa nini na kwa masharti gani. Bila mkataba, mkopo na mchango vina sura moja mpaka siku mnapogombana.

Usaili: maswali yanayotenganisha pumba na mchele

Hotuba haziwaambii kitu. Wapeni wagombea wote maswali yaleyale, dakika 40 kila mmoja, watu watatu wakiandika alama bila kuonyeshana. Maswali yawe ya hali halisi. Haya yamejaribiwa na yanachuja.

*Gari la wagonjwa limeondoka.* Steji (kipande cha barabara iliyofungwa ambapo gari hukimbia kwa kupimwa muda) ina gari moja la wagonjwa. Gari namba 6 limepinduka, msoma ramani ana maumivu ya shingo, ambulensi imempakia kwenda Hospitali ya Benjamin Mkapa. Gari namba 7 liko kwenye mstari, mdhamini ana wageni, na mkurugenzi wa mashindano anakupigia. Jibu sahihi ni fupi: hakuna gari linaloanza mpaka gari jingine la wagonjwa lenye mtaalamu lifike, na kama halifiki steji inafutwa. Mgombea bora ataongeza kwamba huo ni uamuzi wa mkurugenzi wa mashindano, na kazi yake yeye ni kumkinga dhidi ya mashinikizo. Anayeanza na "inategemea" au "tunaweza kutumia pickup" mpeni sifuri.

*Vumbi.* Steji ya kilomita 18 upande wa Bahi, hakuna upepo, vumbi limesimama juu ya barabara. Magari 20 yanaachiwa kwa pengo la dakika mbili, na madereva wa nyuma wanasema hawaoni. Ufanyeje? Jibu la kawaida ni kuongeza pengo. Sawa, lakini msikilize kama anajua gharama yake. Kwa dakika mbili, kutoka gari la kwanza hadi la ishirini kuanza ni dakika 38. Kwa dakika nne ni 76. Barabara itafungwa muda mrefu zaidi ya ule walioambiwa wanakijiji na polisi, walinda njia watakaa juani zaidi, na steji ya mwisho inaweza kukutwa na giza. Anayefahamu mchezo atataja mambo hayo bila kuulizwa, na pengine atapendekeza kufuta steji moja ili kuokoa nyingine.

*Mnada.* Ratiba inaweka mbio Jumamosi kwenye njia za Msalato. Tatizo ni nini? Mtu wa Dodoma anayefaa atacheka kwanza. Jumamosi Msalato kuna mnada, ng'ombe na mbuzi wanaswagwa tangu alfajiri, na watu wa nyama choma wanafuata. Mfugaji aliyetembeza mifugo usiku kucha hajui karatasi yako ya kufunga barabara. Hapa unapima kama mgombea anaifahamu ardhi yake na kama anajua kibali ni zaidi ya muhuri wa polisi. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, za vijijini na mijini ziko TARURA, na kijiji kina serikali yake na mtendaji wake. Mwambieni ataje kwa mpangilio ofisi atakazopitia na siku ngapi kabla. Akisahau kijiji, hajawahi kuandaa mashindano.

*Mtoto wa mdhamini.* Kwenye ukaguzi, mkanda wa kiti una lebo inayoonyesha muda wake wa matumizi umekwisha, na helmeti ina ufa. Dereva ni mtoto wa mdhamini mkuu. Mkaguzi amekataa, mdhamini anatishia kuondoka na fedha. Kinachotafutwa ni mgombea anayesema mkaguzi amemaliza. Mwingine atasema "aendeshe taratibu tu". Mkanda hausomi mwendo uliokusudia. Nyuzi zake huchoka kwa jua, jasho na mafuta, na siku ya kugonga hukatika au huvutika kupita kiasi.

*Malalamiko.* Dereva amekuja nyumbani kwako Jumapili usiku kulalamikia matokeo. Swali hili linapima mipaka ya cheo. Chini ya kanuni za kimataifa, malalamiko dhidi ya matokeo ya awali huwasilishwa ndani ya dakika 30 tangu yabandikwe, na hupelekwa kwa waamuzi wa mashindano. Asiyeridhika na uamuzi wao hutoa notisi ya rufaa ndani ya saa moja, na kuithibitisha ndani ya saa 96. Mwenyekiti hayumo popote kwenye njia hiyo. Hafuti adhabu, haongezi sekunde, hampigii mwamuzi simu. Anachoweza kumwambia dereva huyo ni soma kanuni, halafu karibu chai.

Kama muda unaruhusu, ongezeni swali la historia, ambalo huonyesha mtu anavyofikiri. Machi 1986 gari liliacha njia kwenye rali ya Ureno na kuua watazamaji. Mei mwaka huohuo Henri Toivonen na msoma ramani wake Sergio Cresto walifia Corsica. FISA, iliyokuwa inasimamia michezo kwa niaba ya FIA, ikaamua magari ya Group B, daraja la magari ya rali yenye nguvu kubwa, yasiruhusiwe tena kwenye ubingwa wa dunia kuanzia 1987, ingawa viwanda vilikuwa vimemwaga fedha nyingi humo. Muulizeni mgombea: ungesubiri kifo cha ngapi? Na kwenye klabu yetu leo, kitu gani tunakiona kila mashindano na hatujakizuia? Wengi watataja watazamaji wanaosimama upande wa nje wa kona. Anayekuja na mpango (utepe, walinda njia wangapi, nani ana redio, nani ana amri ya kusimamisha steji) ana alama zaidi ya anayekuja na masikitiko.

Someni hesabu zake

Kila mgombea aliyewahi kushika uongozi wowote, hata wa kikundi cha kufa na kuzikana, alete taarifa ya fedha ya kipindi chake. Hamhitaji mhasibu kuona mambo ya msingi. Magari 22 yalianza na ada ilikuwa shilingi 300,000, kwa hiyo mapato ya ada yawe 6,600,000. Taarifa ikionyesha 5,100,000, magari matano hayakulipa, na msamaha huo ulipitishwa na nani? Linganisheni orodha ya walioanza na stakabadhi, moja kwa moja. Tazameni pia bima: hati ina tarehe za siku za mashindano, au ni ya jumla isiyotaja mbio? Bima ya kawaida ya gari haigusi mashindano, na mwenyekiti asiyejua hilo anaweza kukiacha chama kikibeba matibabu ya mtazamaji.

Siku ya kura

Anzeni saa nne asubuhi, na kura ipigwe kabla ya saa saba mchana. Mikutano mingi huharibika hivi: taarifa za utekelezaji zinasomwa neno kwa neno hadi saa tisa, wajumbe wa Manyoni na Singida wanaanza kutoka mmoja mmoja kuwahi basi la jioni stendi ya Nanenane, na kura inapofika akidi haipo. Mara nyingine si bahati mbaya. Anayejua anashindwa ndiye anayeomba ufafanuzi wa ukurasa kwa ukurasa. Gawanyeni taarifa siku 14 kabla, zisisomwe ukumbini.

Uhakiki mlangoni ufanywe na watu wawili: kitambulisho, barua ya klabu, jina kwenye daftari, saini, kisha karatasi ya kura yenye muhuri. Chapisheni karatasi sawa na idadi ya wapiga kura na chache za akiba zilizohesabiwa, na mwishoni zilizobaki zihesabiwe mbele ya mawakala na kukatwa mstari. Onyesheni sanduku tupu kwa wote. Simu zisiingie kwenye kibanda cha kura, maana picha ya karatasi ndiyo risiti ya aliyenunuliwa. Fomu ya matokeo isainiwe na msimamizi na wakala wa kila mgombea, nakala ibandikwe mlangoni palepale.

Nauli na chakula cha wajumbe vilipwe na chama kwa kiwango kimoja. Mgombea akilipa mabasi amenunua kura, hata akiita ukarimu.

Mgombea akibaki mmoja, pigeni kura ya ndiyo au hapana badala ya makofi. Mtu aliyepata "hapana" 15 kati ya 40 anaanza kazi akijua ana watu wa kuwasikiliza.

Makabidhiano

Ndani ya siku 14. Orodha iwe na namba: katiba halisi na cheti cha usajili, daftari la wanachama, vitabu vya stakabadhi vilivyotumika na visivyotumika, mikataba ya wadhamini, hati za bima, vifaa vya kutunza muda, redio kwa namba zake za kiwandani, vizima moto na tarehe zao za ukaguzi, nywila za barua pepe na kurasa za mitandao. Nywila zibadilishwe siku hiyohiyo. Namba ya simu inayopokea ujumbe wa benki au michango ya M-Pesa isajiliwe kwa jina la chama. Ikibaki kwa jina la mweka hazina aliyetoka, fedha zitaendelea kuingia kwake hata kama nyote mna nia njema.

Saini za benki zibadilishwe kwa muhtasari wa mkutano uliosainiwa, wasaini wawe watatu na hundi ihitaji wawili. Mwenyekiti na mweka hazina wasiwe ndugu. Matokeo na majina ya viongozi wapya yapelekwe kwa Msajili na kwa chama cha taifa kwa barua yenye nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, nakala hiyo ikae kwenye faili.

Mpeni mwenyekiti mpya siku 60 kuleta vitu vitatu: kalenda ya mashindano yenye vibali vinavyohitajika, bajeti, na majina ya mkaguzi mkuu wa magari na ofisa usalama ambao hakuwateua peke yake. Visipokuja, kifungu cha kuitisha mkutano wa dharura kipo, na kwa katiba nyingi theluthi moja ya wanachama inatosha kuuitisha. Hesabuni kabisa theluthi yenu ni watu wangapi.